Ukuta Uliolowa

Maneno haya niliyasema kwenye ukumbi wa kata hapa Dodoma, mbele ya wastaafu na familia zao, wiki ile ya Siku ya Moyo Duniani inayoadhimishwa kila Septemba 29. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni kukohoa kwangu na simu mbili zilizoita katikati.

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na wenyeji wa hapa, mbukwenyi!

Asanteni kwa kuitikia. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, kisha akaninong'oneza kwamba saa saba pilau linaingia, na pilau likishaingia hata aje bingwa wa moyo kutoka wapi hasikilizwi. Basi tuanze.

Nina kitu natoa mfukoni. Kipite mkono kwa mkono, tuanzie kwa bibi hapa mbele. Usiogope bibi, hakijawahi kuingia kwa mtu, ni cha kufundishia.

Mnakiona? Ni visahani viwili vya nyuzi za chuma zilizosukwa kama kikapu, katikati vimeshikwa na kiuno kifupi. Mzee mmoja pale anasema kinafanana na kile kifungo cha mkono wa shati la suti, kinachopita matundu mawili kwa mpigo. Mzee umenishinda, miaka yote nawaeleza wagonjwa na mfano huo sikuupata. Sasa vuta ncha zake mbili taratibu. Kinanyooka kama uzi mnene, kinaingia ndani ya mrija mwembamba kuliko mrija wa soda. Kiachie. Visahani vimerudi. Chuma chenyewe ni nikeli na titani zilizoyeyushwa pamoja, kinaitwa nitinoli, na sifa yake ni kwamba hakisahau umbo lake. Aliyekigeuza kuwa kizibo cha moyo ni Kurt Amplatz, daktari mzaliwa wa Austria aliyefanyia kazi Minnesota, Marekani. Ndiyo maana ukoo mzima wa vizibo hivi unaitwa Amplatzer.

Kazi ya hicho mnachopokezana ni kuziba tundu ndani ya moyo unaodunda, bila kupasua kifua. Matundu ya moyo tumezoea kuyasikia kwa watoto wanaozaliwa nayo. Mimi leo nimekuja na tundu la mtu mzima, ambalo wiki iliyopita halikuwepo.

Nililikuta mara ya kwanza nikiwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliletwa dereva mstaafu wa malori, miaka sitini na kitu, Alhamisi jioni. Mkewe akatusimulia. Jumapili usiku kifua kilimbana, jasho jembamba likamtoka mpaka shuka likalowa. Mchana wake walikuwa kwenye sherehe, nyama ya mbuzi ilikuwa ya kutosha, wakasema ni kiungulia. Akanywa maziwa. Jumatatu akaenda zahanati, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo: akapata nafuu. Jumanne na Jumatano alishinda chini ya mwarobaini wake akisikiliza redio. Alhamisi mchana pumzi zikaanza kukata.

Nikaweka kiganja kifuani kwake, kushoto kidogo ya mfupa wa katikati. Kifua kilikuwa kinatetema. Mnajua bomba wakati wa mgao, maji yanaporudi saa tisa usiku, linavyonguruma na kutikisika kabla hata tone halijatoka? Ndivyo. Nikaweka kipimo masikioni. Yale mapigo mawili ya kawaida ya moyo yalikuwa yamefunikwa na mvumo mmoja mkali. Nikamwita mkubwa wangu. Akasikiliza, akavua kipimo chake, akakikunja, akakitia mfukoni, akasema tu, "Mwite mkewe." Tulipompiga eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tukaona kwenye skrini rangi ya damu ikivuka ukuta pasipo na mlango, kila pigo, kutoka kushoto kwenda kulia. Alifariki Ijumaa kabla ya adhana ya alfajiri. Fomu yake ya rufaa niliikuta mezani asubuhi, imejazwa nusu, mwandiko wangu.

Kilichotokea ni hiki. Moyo una vyumba vinne, na viwili vya chini ndivyo vyenye kazi nzito. Cha kulia kinapeleka damu mapafuni, hapo jirani tu. Cha kushoto kinaipeleka mwili mzima, kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, kwa hiyo presha yake ni kama mara tano ya mwenzake. Kati yao kuna ukuta wa nyama. Bonge la damu likiziba mshipa unaoulisha ukuta huo, nao ndio mshtuko wa moyo wenyewe, sehemu ya ukuta inakufa. Nyama iliyokufa haiumi! Mzee wetu pale chini ya mwarobaini alikuwa hana maumivu kwa sababu cha kuuma kilikuwa kimekwisha kufa. Siku ya tatu hadi ya tano, zile chembe za damu zinazosafisha mizoga mwilini zinakuwa kazini, nyama inalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na presha ya kushoto inautoboa ukuta. Wengine unatoboka ndani ya saa 24 za kwanza.

Si ukuta wa ndani peke yake unaochanika. Ukuta wa nje ukipasuka, damu inajaa kwenye mfuko wa moyo na mara nyingi mtu anakwenda kwa dakika. Na kuna nguzo za nyama zinazoshika kamba za valvu, ule mlango wa damu ndani ya moyo. Nguzo ikikatika, valvu inapepea kama mlango uliong'oka bawaba. Hiyo tutairudia.

Nani hupatwa? Watu hushangaa nikiwaambia. Mara nyingi ni mtu ambaye moyo haujawahi kumlalamikia hata siku moja: mshtuko wa kwanza, umri umesogea, na kwa uwiano akina mama wamo zaidi ya wanavyofikiriwa. Sababu ni kwamba mshipa ukiziba polepole kwa miaka, moyo hujitengenezea vijia vya pembeni vya kupitishia damu. Mwenye kifua kilichokuwa kikimbana akipanda mlima, pengine ana vijia hivyo. Ambaye hajawahi kuumwa hana. Kwa lugha nyepesi, hana njia za mchepuko.

Naona akina baba mmeangaliana. Nazungumzia mishipa.

Zamani, kabla ya dawa za kuyeyusha bonge, tundu hili liliwapata kati ya mmoja na watatu katika kila wagonjwa mia wa mshtuko wa moyo. Zilipokuja dawa hizo, na baadaye kuzibua mshipa kwa puto, idadi ikashuka hadi wawili au watatu katika kila elfu moja. Katika utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 41,000, uliojulikana kama GUSTO, waliotoboka ukuta walikuwa 84. Lakini sikilizeni walivyokwenda: kati ya waliotibiwa kwa dawa peke yake, asilimia 94 walifariki ndani ya mwezi, waliopasuliwa, asilimia 47. Yaani nusu kwa nusu ndiyo ilikuwa habari njema.

Kwa nini upasuaji unashindwa? Wa kwanza kuripoti kwamba ameliziba tundu hili kwa kisu ni Denton Cooley na wenzake, Marekani, mwaka 1957, na ugumu alioukuta yeye ndio walionao madaktari wa leo. Niwape mfano wa kwetu.

Nimekulia kwenye tembe, upande wa Bahi. Mwaka mmoja mvua ya Januari ilipiga siku nne mfululizo, paa likavuja, na ukuta wa kati, baina ya chumba cha wazee na cha mbuzi, ukalowa ukatoboka. Baba mdogo alikuwa mtu wa haraka. Akachota udongo akaanza kuziba palepale, mvua inanyesha. Kila tonge alilobandika liliondoka na tonge la ukuta. Alipoanza tundu lilikuwa la kupita paka. Alipoacha mbuzi alipita. Baba yangu akamwambia, "Kaa chini." Akaegemeza magogo mawili ili paa lisishuke, akasubiri jua. Siku ya tisa kingo zilikuwa zimekauka, akaziba kwa udongo na nyasi, na ukuta ule nimeuacha umesimama.

Daktari wa upasuaji anakutana na ukuta uliolowa. Akipitisha uzi na kuukaza, uzi unakata nyama kama unavyokata ugali wa moto. Baada ya wiki mbili tatu kingo zinaota kovu, uzi unashika. Magogo ya kuegemeza tunayo: lipo puto refu linaloingizwa kwenye mshipa mkuu wa damu, linajaa na kusinyaa kwa kupokezana na moyo, likiupunguzia mzigo. Marekani walipopitia kumbukumbu za watu 2,876 waliopasuliwa kwa tundu hili kati ya 1999 na 2010, waliopasuliwa ndani ya siku saba za mshtuko walifariki asilimia 54. Wa baada ya siku saba, asilimia 18.

Hapo kila mtu anasema, basi tusubiri. Ngojeni kwanza. Aliyefika siku ya kumi na nne akiwa hai ni nani? Ni yule ambaye tundu lake lilikuwa dogo na moyo wake una nguvu. Wenye matundu makubwa walishazikwa, hawamo kwenye hesabu ya waliosubiri. Baba yangu alisubiri jua kwa sababu paa lilikubali kukaa juu ya magogo. Lisingekubali, angeziba mvuani kama mdogo wake, na pengine angeshindwa vilevile. Ndiyo maana siku hizi hukusanyika meza moja daktari wa upasuaji, bingwa wa moyo, mtaalamu wa usingizi na wa chumba cha mahututi, wakabishana kwa mgonjwa mmoja mmoja. Nimekaa kwenye mabishano ya namna hiyo kwa magonjwa mengine ya moyo. Si mazuri kuyasikiliza, lakini afadhali kelele za meza hiyo kuliko ukimya wa mtu mmoja aliyeamua peke yake.

Sasa mrija. Katheta, kama tunavyoiita kazini. Nataka mjue ulikotoka, maana ni kisa cha utundu.

Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde karibu na Berlin, kulikuwa na daktari wa miaka 25 aitwaye Werner Forssmann. Aliamini kwamba mrija unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni na mtu asife. Mkubwa wake akamkataza. Funguo za kabati la vifaa alikuwa nazo muuguzi Gerda Ditzen. Forssmann akamshawishi mpaka dada akakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayepitishiwa mrija. Akamlaza mezani, akamfunga mikono asije akatikisika, akampaka dawa mkononi. Kisha akageuka pembeni, akajichanja mkono wake mwenyewe, akasukuma mrija wa mkojo kama sentimita 65 ndani ya mshipa wake. Ndipo akamfungua dada wa watu, na kwa hasira zake zote wakateremka pamoja ngazi hadi chumba cha eksirei, mrija unaning'inia, picha ikapigwa: ncha imo moyoni. Walimsema sana. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, alikuwa ameshaacha mambo ya moyo na ni daktari wa njia ya mkojo. Akina mama wauguzi mliomo humu, jina la Gerda nimelitaja makusudi.

Mwaka 1977 huko Zurich, Andreas Grüntzig, aliyekuwa akitengeneza viputo vyake kwenye meza ya jikoni kwake, akazibua mshipa wa moyo kwa puto. Na mwaka 1988 James Lock na wenzake wa Boston wakaandika jinsi walivyoziba matundu ya ukuta huu wetu kwa kupitia mrija, wakiwemo wagonjwa waliotobolewa na mshtuko wa moyo. Kifaa chao kilikuwa kama miavuli miwili midogo. Amplatz alikuja baadaye na hivi visahani.

Kazi inafanyika hivi. Mama zangu mnajua kupitisha lastiki kwenye pindo la sketi: unaifunga pini, unaisukuma, inapotea ndani ya kitambaa, unaipapasa, inatokea upande wa pili. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye paja, juu ya mshipa, na jingine shingoni. Kutoka pajani anapandisha waya mwembamba hadi chumba cha kushoto cha moyo, halafu anautafutia lile tundu la ukutani. Hapo ndipo jasho linapotoka, maana tundu la mshtuko wa moyo halinyooki kama la msumari. Linapinda kama njia ya mchwa, pengine lina midomo miwili mitatu. Waya ukishavuka kwenda kulia, anauwinda kwa kitanzi alichokishusha kutoka shingoni, anaunasa, anauvuta utokee shingoni. Sasa ana waya mmoja: unaingilia pajani, unapita ndani ya moyo, unatokea shingoni. Juu ya waya huo anatelezesha mrija kutoka shingoni hadi uvuke tundu. Ndani ya mrija kuna kizibo kimenyooshwa. Anasukuma, kisahani cha kwanza kinafunguka chumba cha kushoto. Anakivuta taratibu mpaka kikae ukutani. Anarudisha mrija nyuma, cha pili kinafunguka kulia. Ukuta umebanwa katikati kama ukingo wa shati. Muda wote huo macho yako kwenye eksirei na kwenye eko iliyopitishwa kwenye koo la chakula, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kikikaa vibaya, bado kimefungwa kwenye waya wake. Anakirudisha ndani ya mrija na kuanza upya. Akishakifungua kwenye waya ndiyo basi.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Dar es Salaam, wamekuwa wakiziba kwa mrija matundu ya watoto, na magazeti yameandika. Mtu ataniuliza, kama ya watoto yanazibwa, ugumu uko wapi? Uko kwenye kingo. Tundu la kuzaliwa lina kingo imara, mtoto amekua nalo. Hili lina kingo za mkate wa chai. Kisahani kikizikandamiza zinaweza kuendelea kuchanika, na kizibo kilichotosha Jumatatu kikawa kinapwaya Jumatano. Kwa hiyo vizibo vya kazi hii vilitengenezwa na kiuno kirefu zaidi, milimita 10, maana ukuta wa mtu mzima ni mnene, na visahani vipana zaidi ili vishike mbali na palipooza. Hata hivyo tundu likizidi milimita 15 hivi, wengi wetu hatuna imani nalo kwa njia hii.

Tena kizibo ni cha nyuzi, si bati. Mwanzoni damu inapenya. Ikipenya kwa kasi katikati ya zile nyuzi, chembe nyekundu zinasagika, na mgonjwa anaanza kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Inaweza kutulia nyuzi zikishaziba kwa damu iliyoganda, na isipotulia ni balaa jingine.

Je, mrija unashinda kisu? Uingereza walikusanya wagonjwa 362 wa tundu hili, wa kati ya 2010 na 2021: 131 walianza na mrija, 231 walianza na upasuaji. Waliofia hospitalini kwenye kundi la mrija ni asilimia 55, kwenye kundi la kisu asilimia 44. Lakini ukifuatilia waliobaki hadi miaka mitano, tofauti kati ya makundi haya mawili haikuwa ya kuaminika kitakwimu. Na mjue nani huwa anapelekwa kwenye mrija: mara nyingi ni mgonjwa ambaye daktari wa upasuaji amemwangalia akatikisa kichwa. Mimi nayasoma matokeo yale hivi: kwa mtu aliyenyimwa kisu, mrija umempa karibu nafasi moja kati ya mbili, mahali ambapo dawa peke yake zilimpa kama moja kati ya ishirini. Kuna pia wanaozibwa kwa kisu, tundu likafunguka pembeni ya kiraka, na mrija ukaenda kumalizia. Na wengine mrija unawavusha tu, unapunguza maji yanayopita ukutani mpaka jua litoke.

Naona kizibo kimefika safu ya nne. Kiendelee.

Ile valvu. Mlango wa kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto una mapazia mawili, na mapazia yanashikwa na kamba zilizofungwa kwenye nguzo mbili za nyama. Nguzo ya mbele inalishwa na mishipa miwili; ya nyuma kwa kawaida inalishwa na mmoja. Ndiyo maana inayokatika zaidi ni ya nyuma. Ikikatika yote, mapafu yanajaa maji ndani ya saa chache na dawa yake hasa ni upasuaji wa dharura. Lakini kuna uvujaji wa pole pole: nguzo haikukatika, ila moyo ulipanuka baada ya mshtuko, mapazia yakavutwa yasikutane. Mwaka 1991 daktari wa Italia, Ottavio Alfieri, aliyashona mapazia katikati kwa mshono mmoja, mlango ukabaki na matundu mawili madogo badala ya moja kubwa, na uvujaji ukapungua. Watu walimcheka kwa urahisi wake. Leo mshono huo unaigizwa na kibanio, MitraClip, mfano wa kibanio cha kuanikia nguo, kinachopandishwa kwa mrija kutoka kwenye mshipa wa paja. Mtu wa kwanza alibanwa mwaka 2003. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili zilizogombana hadharani: ya Marekani na Kanada, watu 614, vifo ndani ya miaka miwili vilikuwa asilimia 29 kwa waliobanwa na 46 kwa wa dawa peke yake, ya Ufaransa, watu 304, baada ya mwaka hakukuwa na tofauti. Wengi wanaeleza kwamba Wafaransa walibana pia mioyo iliyokwisha kupanuka kupita kiasi, ambako valvu haikuwa tatizo kubwa. Ukirekebisha mlango wa nyumba inayoanguka, umerekebisha mlango.

Sasa turudi hapa tulipokaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale kwenye kilima cha Chuo Kikuu, ina mtambo wa Cathlab, yaani chumba cha kazi hizi za mrija. Hilo ni jambo kubwa. Mimi nakumbuka mgonjwa wa namna hii alivyokuwa anapakiwa kwenye gari usiku, kilomita 450 hadi Dar es Salaam. Treni ya umeme tangu 2024 imefupisha safari ile hadi saa tatu na ushee, nami naipanda na kuisifu. Lakini moyo uliochanika ukuta hausafiri kwa tiketi. Na mzee wa Kondoa au mama wa Mpwapwa, kabla ya kuiona Dodoma mjini, ana barabara yake ya kwanza.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo wenzangu wa Cathlab hawatalipenda. Mkinipa leo fungu la fedha nichague, kabati lililojaa vizibo hivi, au mashine ya kupima umeme wa moyo kwenye kila kituo cha afya cha mkoa huu na muuguzi anayeweza kusoma karatasi yake, nachukua mashine. Mashine ile ndogo inabebwa begani, kipimo kinakwisha ndani ya dakika kumi, na mshtuko mkubwa wa moyo unaonekana palepale. Mshipa ukizibuliwa kwa dawa au kwa puto ndani ya saa 12, na kila saa inayopungua ni faida, kwa wengi ukuta hautoboki. Vile visa vilivyoshuka kutoka watu kadhaa katika mia hadi wachache katika elfu havikushushwa na kizibo cha Amplatz. Vilishushwa na watu waliofika mapema.

Dereva wetu alikuwa na saa zake. Jumapili saa nne usiku hadi Jumatatu asubuhi zilikuwa bado zake. Zahanati ile hawakuwa na mashine, na yule mganga aliyempa dawa za tumbo simlaumu sana. Kifua kinachobana juu ya tumbo lililoshiba nyama kinamdanganya hata aliyesoma. Akina mama na wenye kisukari kinawadanganya zaidi, maana wao pengine kifua hakibani kabisa, ni uchovu wa ghafla, pumzi fupi na jasho. Mkifika kituoni, msiseme "nina gesi." Semeni kinavyobana, tangu saa ngapi, na mwombe kupimwa umeme wa moyo. Na usiendeshe gari mwenyewe, hata kama ulikuwa dereva wa malori.

Maswali mawili tu, naona masufuria yameanza kulia.

Bibi anauliza, kikishawekwa, mtu anakisikia kifuani? Hapana bibi. Utando wa moyo unakitambalia kwa miezi, mwisho kinafunikwa kikawa sehemu ya ukuta, kama ile nyasi ndani ya udongo wa tembe.

Na baba pale anauliza kama aspirini ya kutafuna ni kweli au ni maneno ya WhatsApp. Ni kweli, miligramu 300, kama huna mzio nayo na hutapiki damu, ukiwa tayari ndani ya gari unaelekea hospitali. Ukiitafuna ukarudi kulala, umefanya kama baba mdogo.

Nafasi ya tatu sina, mwenyekiti amesimama. Lakini sitoki hapa bila kifaa changu, kesho asubuhi kinasubiriwa na darasa la wauguzi. Kimefika wapi? Safu ya nyuma mnasema mmekirudisha mbele. Mbele mnasema hamjakiona.

(Kilipatikana pilau likiwa linapakuliwa. Bibi aliyekuwa wa kwanza kukishika alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga yake, pamoja na noti ya elfu mbili, kisianguke. Fundo lilikuwa limekazwa kweli; ilibidi anifungulie mwenyewe.)